Lilishapokelewa

Njia ya kwenda Nchi ya Mapokeo haina haja ya kusimuliwa. Wengi wetu tumeshafika huko bila kukata tiketi, tukakaa, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani na fulana. Siwatu alikwenda kwa makusudi, tena mbiombio, maana hakuwa mtu wa kwenda popote polepole.

Kwao alikuwa mlezi wa baraza la ushauri la vijana katika mji mdogo, na baraza lenyewe lilikuwa limemshinda. Vikao vilichelewa kuanza, vikaendelea kwa kelele, vikaisha kwa watu kununiana. Kile cha mwisho kilivunjika wajumbe wawili walipogombea kipaza sauti mpaka waya ukakatika. Ndipo akasikia habari za Mapokeo: baraza lake la vijana halijawahi kuahirisha kikao, hakuna aliyewahi kupaza sauti ndani yake, na tangu liundwe hakuna neno la kijana lililokataliwa.

"Hata moja?" Siwatu aliuliza.

Hata moja, akaambiwa. Akafunga mkoba siku hiyohiyo.

Alipokelewa vizuri, kwani kupokea ndiyo kazi ya nchi ile. Mbele ya Jumba la Baraza alimkuta Mpokezi Mkuu, Mzee Shaweji, mtu mrefu wa kanzu nyeupe na sauti ya chini, macho yake yamechoka. Mkononi alishika kengele ndogo ya shaba, na hakuiweka chini hata alipompa mgeni mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetujia kwa heri?"

"Kwa heri. Nimekuja kujifunza namna mnavyoendesha vikao vya vijana."

"Limepokelewa," akasema mzee, akainamisha kichwa.

Siwatu akadhani anataniwa. Akangoja mzee acheke, mzee hakucheka.

Wakaingia ndani. Ukumbi ulikuwa msafi, una feni nzuri, viti vimepangwa kwa safu, na mbele pana meza yenye sinia tupu. Kando ya sinia palikuwa na kawa zimepangwa juu kwa juu, kawa za ukili wa rangi, kama zile zinazofunikia chakula cha wageni wa heshima. Shaweji akaeleza utaratibu bila haraka. Maoni ya kijana, alisema, ni kitu cha thamani, na kitu cha thamani hakiachwi wazi. Kwa hiyo kijana husimama mbele ya sinia akalisema neno lake. Mpokezi hulifunika kwa kawa na kutamka, "Limepokelewa." Watu hupiga makofi, kijana hupewa soda na fulana, na sinia na kawa yake hupelekwa Ghala la Maoni, nyuma ya jumba.

"Na baada ya hapo?" akauliza Siwatu.

"Baada ya hapo limepokelewa."

"Naam, mzee, nimekusikia. Linafanyiwa kazi lini?"

"Kesho. Vijana si taifa la kesho? Basi mambo yao hufanywa kesho. Leo ni ya wazee, na sisi hatujapata kuingilia siku ya watu."

Siwatu alihisi mguu wake wa kulia unaanza kutikisika wenyewe, ugonjwa wake wa vikaoni. Akaukanyaga kwa ule wa kushoto.

"Na kijana akirudi kukumbusha?"

"Hapo ndipo ilipo kazi ya hii," Shaweji akainua kengele. "Tazama, mwanangu. Ukimwambia mtu jambo mara mbili, maana yake umeona hakukusikia. Hilo ni tusi. Sisi tunasikia. Kwa hiyo neno lililokwisha kupokelewa halisemwi tena, si na mwenyewe wala na mwingine. Anayerudia, napiga kengele."

"Humu ukumbini tu?"

"Humu na nje. Neno likishafunikwa ni mali ya Ghala. Mtu hawezi kutembeza mali ya Ghala sokoni."

Sasa Siwatu akaelewa kimya alichokikuta mjini. Tangu afike alikuwa ameona watu wakisalimiana kwa kirefu, wakaulizana hali ya wazazi, ya watoto na ya mifugo, wakafika kwenye jambo lenyewe, wakatazamana, wakaagana. Alidhani ni adabu.

Ghala aliliona vilevile. Lilikuwa refu kuliko ukumbi mara nyingi, rafu mpaka darini, kawa juu ya rafu, nyingine mpya, nyingine ukili wake umeliwa na mende. Shaweji alipogeuka kufungua dirisha, Siwatu, ambaye mikono yake ilikuwa haijui kutulia, akafunua moja. Palikuwa na sinia, na vumbi kidogo. Akafunua ya pili, akakuta sinia. Akazifunika haraka, akajisemea kwamba mgeni hana haki ya kuhukumu mapema.

Aliyepewa kazi ya kumtembeza alikuwa msichana mmoja, mjumbe mpya kuliko wote barazani, jina lake Mashavu. Mashavu hakuwa na mashavu yoyote, uso wake mwembamba na macho hayakai mahali pamoja. Siwatu akampenda papo hapo, kwa sababu alitembea upesi.

"Shangazi, unakula mihogo?" akauliza Mashavu walipotoka nje. "Mama anakaanga mihogo. Kwetu Mguuni. Nataka ukaone kitu, halafu useme kama mimi ni mwendawazimu."

Mtaa wa Mguuni ulipewa jina hilo kwa sababu uko miguuni pa tangi. Tangi lenyewe lilikuwa la saruji, kubwa kupita kiasi, limebebwa juu angani na miguu minne minene, na kati ya miguu hiyo watu walikuwa wamejenga, wakazaa na kuzeeka. Mama yake Mashavu alikuwa na jiko lake kwenye mguu wa mashariki, penye kivuli cha mchana. Alimkaribisha mgeni kwa furaha, akampa kigoda, kisha akanyoosha mkono nyuma yake bila kutazama, akauingiza ndani ya mguu wa tangi, akautoa na kijiko.

Siwatu aliganda. Mguu ule ulikuwa umepasuka. Ufa ulianzia chini, ukapanda ukipinda mpaka juu ya kichwa cha mtu, na mahali pa kiuno ulikuwa umeachama kiasi cha kuingiza mkono. Mama Mashavu alikuwa amepanga humo vijiko, kiberiti, kitana na mfuko wa chumvi. Kamba ya nguo ilifungwa kwenye chuma kilichochomoza ndani, chuma chekundu kwa kutu.

"Mama," akasema Siwatu, "huu mguu umeanza lini kupasuka?"

Mama Mashavu akageuza kipande cha muhogo mafutani. "Leo kuna hali ya hewa nzuri," akasema.

"Mguu huu, mama."

"Jana kulikuwa na upepo kidogo. Leo hali nzuri sana."

Mashavu akamvuta Siwatu pembeni. "Umeona? Kila nikitaja, ananiambia hali ya hewa. Na majirani vilevile. Hakuna anayeuona ufa ila mimi! Mvua zilizopita niliingiza vidole, sasa mama anaingiza mkono. Tangi limejaa, shangazi. Likianguka, litaanza na mama."

Siwatu alitazama juu, kwenye tumbo lile la saruji lililozuia jua. Kwa nini watu wasihame? Wahamie wapi, akaambiwa, na viwanja hugawiwa kesho. Kwa nini wasiyamwage maji? Ufunguo wa maji wanao Wapokezi. Na Wapokezi husikia barazani tu, ambako kila kijana hupata zamu ya kusema mara moja katika muda wake wote. Zamu ya Mashavu ilikuwa kwenye kikao kinachofuata.

"Basi tujiandae," akasema Siwatu.

Kwa hilo angalau alikuwa fundi. Kwao vikao vilimshinda, lakini si kwa kutojua kinachotakiwa. Alimsimamisha Mashavu nyuma ya jiko akamsomesha. Asianze na itifaki, zitamla muda. Asisimulie tangi lilijengwa na nani. Aseme nini kimevunjika, aseme nani yuko chini yake, amtaje mwenye ufunguo, kisha aombe kitu kimoja tu, maji yamwagwe. Mashavu alirudia mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Mama yake alikaanga mihogo na kuwatazama kwa jicho la pembeni, midomo ameibana.

Siku ya kikao Siwatu aliketi safu ya nyuma. Mwenyekiti alikuwa Kijana Mkuu, bwana mmoja mwenye mvi na wajukuu, ambaye ujana wake ulikuwa bado haujapata mrithi. Akafungua kwa shukrani. Zikafuata salamu za Wapokezi, zikafuata shukrani za salamu, na baadaye mtu mmoja akashukuru jinsi shukrani zilivyotolewa. Kila tamko lilipigiwa makofi, kwani sheria ya nchi ile inasema kikao hakisogei bila makofi. Kijana wa kwanza akatoa maoni kwamba umoja ni jambo zuri. Likafunikwa. Wa pili akatoa maoni kwamba ukumbi umependeza. Likafunikwa. Mguu wa Siwatu ulikuwa unapiga sakafu mpaka jirani yake akasogeza kiti.

Mashavu akasimama mbele ya sinia. Alikuwa amevaa vizuri, amenyooka.

"Mheshimiwa Mpokezi Mkuu, mguu wa mashariki wa tangi..."

Kengele ikalia.

"Lilishapokelewa," akasema Shaweji.

"Bado sijasema, Mheshimiwa."

"Umesema mguu, umesema tangi. Lilishapokelewa."

"Na nani? Lini? Mheshimiwa, mama yangu anakaa..."

Kengele tena. Wala haikuwa kali, kengele yenyewe. Ilikuwa na sauti nzuri. Siwatu hakujijua mpaka alipojikuta amesimama.

"Wazee wangu, niwieni radhi, mimi ni mgeni. Lakini hata kwetu watu husema, usipoziba u..."

Ikalia mara ya tatu. "Lilishapokelewa," akasema Shaweji, kwa huruma kidogo. "Hilo lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa."

Watu wakapiga makofi, na Kijana Mkuu akatangaza muda wa soda.

Siwatu alimfuata mzee hadi kibarazani, nje. Heshima ilikuwa imeanza kumwishia mdomoni.

"Mzee, nani alilitoa lile neno? Nataka nimwone mtu huyo."

Shaweji alizungusha chupa yake ya soda kiganjani. "Unamwona."

"Wewe?"

"Nimezaliwa Mguuni. Nilikuwa na umri wa huyu binti, na nilikuwa na sauti. Nililisema vizuri, mwanangu, vizuri sana. Walipiga makofi mpaka sinia likatikisika. Wakaona mtu anayesema vile hafai kuachwa nje. Wakanipa fulana, na mwaka uliofuata wakanipa hii." Akaitazama kengele. "Wakati ule ufa ulikuwa unaingia ukucha."

"Sasa unaingia mkono wa mtu mzima na kiberiti."

Mzee akaiweka chupa sakafuni.

"Hujaenda kuuona?"

"Nikienda nitautaja," akasema Shaweji. "Na neno langu liko Ghalani."

Siwatu alichukia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mzee mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Kumbe Mguuni nzima inajua. Kila mzazi pale alikwisha kuujua ufa, akabaki na hali ya hewa, na kila kijana anayekua anadhani ndiye wa kwanza kuona. Akageuka, akamkuta Mashavu nyuma yake ameshika fulana aliyopewa kwa kufika tu. Alikuwa amesikia yote. Hakulia, uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Mwanangu," akasema Siwatu, "hivi nyinyi, katika kikao kizima, kuna hata kitu kimoja mnachokiamua wenyewe?"

"Mahali pa kikao kijacho. Sheria imetuachia hicho, isije ikasemwa hatuamui chochote. Mwenyekiti anauliza wapi, sisi tunasema palepale. Kwa sababu ya feni..."

Hakuimalizia. Macho yake yalikuwa yamekwenda upande wa Mguuni, ambako kichwa cha tangi kilionekana juu ya mapaa ya mji.

Waliporudi ukumbini, mambo yalikwenda mbio, kwani picha ya pamoja ilikuwa inangoja. Kijana Mkuu hakuinua hata macho. "Kikao kijacho, wapi?"

"Palepale!" ukumbi ukaitika, watu wameshaanza kunyanyuka.

"Mguuni," akasema Mashavu.

Walionyanyuka wakabaki wameinama katikati, si kukaa si kusimama. Mpokezi mmoja akasema Mguuni si mahali, ni mtaa. Mwingine akauliza feni zitaning'inizwa wapi. Wa tatu akataka kamati iundwe kuchunguza kama vijana wanaweza kuamua mahali ambapo hawajawahi kuamua. Kijana Mkuu akaomba asomewe sheria, ikasomwa, nayo ilikuwa fupi: vijana wataamua mahali, na uamuzi wao hautatenguliwa, na Wapokezi wote watahudhuria. Ilikuwa imeandikwa kwa ukarimu na watu waliokuwa na uhakika wa jibu.

"Ila labda," akasema Mpokezi wa kwanza polepole, "Mguuni ilishapokelewa?"

Wote wakamgeukia Shaweji. Mzee akainua kengele. Akaishika hewani, na Siwatu akaona kidole chake kimoja kikiingia ndani na kuushika ulimi wa kengele usigonge.

"Mahali si maoni," akasema mzee. "Mahali ni uamuzi. Piga kura, mwenyekiti."

Mkono wa Mashavu ulikuwa juu peke yake kwa muda uliomtesa Siwatu. Kisha kijana mmoja wa safu ya pili, aliyewahi kupigiwa kengele kwa neno lilelile, akainua wake. Wakafuata wengine, hapa na pale, wakitazamana kwa mshangao, kila mmoja akigundua kwamba hakuwa peke yake. Hakuna aliyepiga picha siku ile.

Siwatu alikuwa aondoke baada ya kikao, lakini angeondokaje? Alikaa kwa Mama Mashavu, akalala na viatu miguuni, tayari kukimbia, akasikiliza saruji. Na Wapokezi hawakulala pia. Walipoona hawawezi kukihamisha kikao, waliamua kuutengeneza mtaa. Wakaja mafundi. Mashavu aliwaona akakimbia kuwapokea, akidhani wamekuja kuuponya mguu. Wakamwamuru mama atoe vijiko vyake. Wakashindilia ufa kwa udongo na magazeti ya zamani, wakapaka lipu nyembamba juu yake, kisha chokaa, kisha kwa rangi ya buluu wakaandika KARIBUNI. Mguu wa mashariki haukuwahi kupendeza vile tangu ujengwe.

"Sasa hata cha kuonyesha sina," akasema Mashavu. Safari hii alilia, kwa hasira, akijifuta kwa ile fulana.

Siku ilipofika, nafasi ya kuweka meza kuu ilipatikana mahali pamoja tu, chini ya mguu wa mashariki, kwenye kivuli. Wapokezi waliketi kwa safu, migongo karibu na chokaa, na katikati yao Shaweji, ambaye alikuwa amefika akitazama ardhi na mpaka sasa alikuwa hajatazama kitu kingine. Watu wa mtaa walijaa pande zote. Tangi lilikuwa juu yao, limejaa.

Kijana Mkuu akafungua kwa shukrani. Watu wakapiga makofi, makofi ya mtaa mzima, si ya ukumbi mdogo. Kipande cha chokaa kikaanguka juu ya sinia, kikalia kidogo. Zikaja salamu. Makofi. Kikaanguka kipande kikubwa zaidi, na vumbi likamshukia Mpokezi mmoja begani. Akalipangusa, akatazama juu, asikae vizuri tena. Yakaja makofi ya shukrani za salamu, na haya yalianza vizuri lakini yakafifia katikati, mikono ikibaki hewani. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kupiga.

Hapo kikao kikakwama. Bila makofi hakiwezi kusogea, na makofi hakuna aliyethubutu. Wapokezi walitazamana. Kijana Mkuu alikohoa kwa uangalifu.

Katika kimya hicho akaja Mama Mashavu na birika. Mgeni akikaa kwako hupewa chai, kikao kiwe kimekwama au hakikukwama. Akaanza na mkubwa.

"Karibu, kaka Shaweji. Miaka mingi hujatupitia. Hii ina tangawizi, najua ulikuwa huipendi, lakini ndiyo iliyopo. Ngoja nikupe kijiko."

Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama alivyofanya maisha yake yote. Mkono ukapiga chokaa, chokaa ikaachia, lipu ikafuata, na udongo na magazeti yakamwagika mezani. Mkono ukazama ndani ya mguu wa tangi mpaka kiwiko, ukapita kiwiko. Mama akasimama pale bega limegusa ukuta, akipapasa ndani.

"Aa," akasema. "Nimesahau. Vijiko vyangu walivitoa."

Shaweji alikuwa ameinua uso hatimaye. Aliutazama ufa kutoka chini mpaka unapopotelea juu, akaurudia kutoka juu mpaka chini, hadi kwenye mkono wa yule mama.

"Usinitazame hivyo, kaka," akasema Mama Mashavu. "Mimi sijataja kitu. Leo kuna hali ya hewa nzuri."

Shaweji akasimama.

"Mguu wa tangi umevunjika," akasema. Akangoja, kwa mazoea, kengele ilie. Kengele ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Akaiweka chini ya kawa. "Umevunjika. Nilisema nikiwa kijana, nasema tena, na nitarudia hata mkiona ni tusi. Watu watoke chini hapa. Mwenye ufunguo afungue maji."

"Kesho, Mheshimiwa?" akauliza mwenye ufunguo, maana hakuwahi kuulizwa swali lingine.

"Leo! Leo si ya wazee? Basi mimi ni mzee, na ni leo!"

Maji yalifunguliwa. Yaliporomoka kwa kishindo upande wa pili wa mtaa, watu wakakimbia na ndoo, na madumu, na masufuria, na mmoja alionekana akikinga kwa kawa. Watoto walipigwa na maji wakapiga mayowe ya raha. Wapokezi waliondoka wakiwa wameinua kanzu. Mguuni ilihama jioni ile kwenda uwanja wa wazi, kila mtu na godoro lake kichwani, na kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanazungumza njiani, wote kwa pamoja, kuhusu ufa. Mimi niliona kwanza! Wewe? Mimi niliuona kabla hujazaliwa! Mashavu alimshika mama yake mkono uliotoka ufani, wenye chokaa mpaka begani, na hakuuachia. Siwatu aliwatazama akaona machozi yanamtoka na hakujali nani anamwona.

Tangi tupu lilisimama wiki hiyo yote, kisha alfajiri moja mguu wa mashariki ukakunjika, na lote likaja chini juu ya jiko, vigoda na lile neno KARIBUNI. Hapakuwa na mtu.

Mtu angetegemea nini baada ya hapo? Labda angetegemea mengi, kama hajawahi kuishi na Wapokezi. Walikutana upesi, peke yao. Walimshukuru Mzee Shaweji kwa utumishi wake wa muda mrefu, wakampumzisha, wakampa fulana. Kisha wakairekebisha sheria. Mji mzima sasa ulikuwa unahitaji maji, Mguuni walikuwa wanayafuata mbali kwa ndoo, na mtu alipouliza tangi jipya litajengwa lini alijibiwa kwa kengele mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Siku ya Siwatu kuondoka, ajenda ya kikao kijacho ililetwa uwanjani. Mashavu alikuwa ametoka kutua ndoo, kitambaa cha kichwa kimelowa. Siwatu akaisoma kwanza, akahisi miguu yake miwili inatikisika kwa pamoja. Kipengele cha Mahali kilikuwa hakipo. Badala yake palichapwa kwa herufi nene kwamba vikao vyote, sasa na daima, ni Jumbani.

"Wameifuta," akasema. "Kitu pekee mlichokuwa nacho, wamekifuta. Mwanangu, sijui nikuambie nini."

Mashavu aliichukua ile karatasi kwa mkono wenye maji. Akaisoma mara moja upesi, akaisoma tena, kidole chake kikishuka polepole, shukrani kwa shukrani, hadi kipengele cha mwisho, chini kabisa, pale ambapo hakuna Mpokezi aliyewahi kufika kwa sababu hapo huwa wameshainuka kwenda kupiga picha. Kidole kikasimama. Akaanza kucheka, kwanza kimya, halafu kwa sauti, mpaka mama yake akageuka kutazama kuna nini.

"Shangazi," akasema, "Mengineyo wameiacha."